Ndere yahitaji boti yenye saa, si hoteli

Jumamosi asubuhi pale Dunga, mjini Kisumu, mazungumzo huwa yale yale. Familia imeshuka kwenye tuktuk na mkeka, chupa za maji na watoto wanaotaka kuona kiboko. Nahodha ana bei ya kuzunguka Hippo Point na kupita kando ya mafunjo: kila mtu hulipia kiti chake, na boti ikijaa wanaondoka. Baba wa watoto akitaja Ndere, mambo hubadilika. "Mko wangapi, mzee?" nahodha anauliza, kisha anapiga hesabu ya petroli ya kwenda na kurudi, ya kusubiri huko mchana kutwa, na ya wateja atakaowakosa. Bei inayotoka ni ya boti nzima. Mama watoto anacheka tu. Watazunguka hapo hapo.

Hivyo ndivyo Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Ndere inavyowapita watu wa jiji lililo jirani nayo. Ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1986. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 4.2 tu, na iko takriban kilomita 30 magharibi mwa Kisumu, karibu na ufuo wa Seme. Hata hivyo, mtaani Kondele au Nyalenda ni rahisi zaidi kumpata mtu aliyepelekwa Fort Jesus kule Mombasa na basi la shule, safari ya usiku kucha, kuliko aliyewahi kukanyaga Ndere.

Viongozi wakiulizwa, hutaja sababu mbili: kisiwa hakijatangazwa vya kutosha, na hakuna hoteli. Sababu zote mbili ni nyepesi. Tangazo humpeleka mtu hadi ukingo wa maji, na hapo ukingoni ndipo safari inapokufa. Hoteli nayo ni ya mtu anayelala. Anayetaka kwenda asubuhi na kurudi jioni hahitaji kitanda. Anahitaji kujua boti inaondoka saa ngapi, inarudi saa ngapi, na kiti kimoja ni shilingi ngapi. Hayo matatu ndiyo yanayokosekana Ndere, na hakuna hata moja linalohitaji tenda ya mamilioni.

Kilichoko huko kinastahili siku moja ya mtu. Nyasi zinapanda kilima hadi juu, na swala pala hulisha kwa utulivu ambao wenzao wa Mara hawaujui, kwa kuwa kisiwani hakuna simba wala chui. Tishio lao liko majini: mamba. Viboko hujificha kwenye vighuba, kenge wanene hujianika juu ya mawe, na furukombe mwenye kichwa cheupe hulia kutoka mtini kama mama anayemwita mtoto ng'ambo ya mto. Kutoka kilimani mtu huona maji kila anakogeuka, na kusini, ng'ambo ya ghuba, Mlima Homa. Hakuna kijiji, hakuna duka, hakuna spika ya muziki. Kwa mtu anayeishi karibu na stendi ya mabasi, hilo la mwisho pekee linatosha kulipia nauli.

Simulizi ya Waluo inakiunganisha kisiwa hiki na Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyobebana karibu na barabara ya Bondo. Inasema Mikayi, mama wa kabila, alipumzika karibu na Ndere baada ya safari ndefu kutoka bonde la Nile. Akapapenda, akakaa hapo na watu wake. Wanaosimama Kit Mikayi kupiga picha ni wengi. Wanaoteremka kilomita chache zaidi hadi majini ni wachache mno, ingawa ni hadithi moja.

Na Ndere haiko peke yake. Ndani ya ghuba hiyo hiyo ya Winam kuna Maboko, kisiwa kidogo zaidi, ambacho wataalamu wa visukuku duniani wanakijua kuliko wanavyokijua majirani zake. Aliyekigundua kama eneo la visukuku mwaka 1933 ni Walter Edwin Owen, kasisi wa Kianglikana ambaye serikali ya kikoloni ilimjua zaidi kwa kelele zake kuhusu kodi na kazi za kulazimishwa kuliko kwa mifupa. Baadaye mchangani mwa Maboko lilipatikana fuvu la kima wa kale aitwaye Victoriapithecus, mwenye umri wa takriban miaka milioni 15. Habari zake zilichapishwa mwaka 1997 na kusomwa ulimwenguni kote. Mtoto wa shule ya Seme anaweza kumaliza darasa la mwisho bila kuambiwa kwamba fuvu hilo lilitoka kwenye kisiwa anachokiona akienda kuteka maji.

Watu wa ghuba hii hawakuzaliwa wakiogopa ziwa. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, ilifika kwa sababu ya meli: abiria na mizigo ya Uganda ilishuka kwenye behewa na kupanda chomboni. Meli ya kwanza, William Mackinnon, iliunganishwa hapo hapo Kisumu kwa vipande vilivyotoka Uingereza na kuteremshwa majini mwaka 1900, kabla hata gari moshi halijafika. Kwa miongo mingi baadaye, vyombo vya shirika la reli na bandari vilisimama Kendu Bay, Homa Bay na Asembo Bay, na mzee aliyekuwa na mbuzi wa kuuza alijua siku na saa ya kuwa gatini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na shirika likagawanywa. Barabara zikaboreshwa, matatu zikaongezeka, kisha miaka ya 1990 gugu maji likaziba ghuba. Bandari iliyofufuliwa hivi majuzi inapokea mafuta na shehena. Ni jambo jema kwa uchumi, ila pipa la dizeli halipandi kilima cha Ndere siku ya Jumapili.

 

Lakini mahali ambapo chombo kina saa, watu hupanda. Ushahidi uko Luanda K'Otieno, kaunti ya Siaya, ambako kivuko huvuka kwenda Mbita kwa ratiba. Wachuuzi wa omena, walimu, magari madogo, maharusi na hata majeneza hupita hapo, na hakuna anayeita safari hiyo utalii. Ni usafiri. Watalii wachache wanaoipenda huingia humo humo na kulipa nauli ile ile. Ng'ambo ya pili, Rusinga inajulikana nchi nzima, na si kwa sababu tu ya kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, au kwa sababu Mary Leakey aliokota huko mwaka 1948 fuvu la Proconsul. Inajulikana kwa sababu imeunganishwa na Mbita, kwanza kwa tuta la mawe na sasa kwa daraja, na bodaboda humfikisha mgeni hadi mlangoni. Historia ya Maboko si haba mbele ya ile ya Rusinga. Tofauti kubwa ni njia.

Wanaodhani hili haliwezekani katika ziwa hili waende Mwanza. Mbele ya jiji hilo, karibu na Kapri Point, kuna Saanane, kisiwa cha mawe kilichoanza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama ya kwanza ya Tanzania na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote nchini humo: kilomita za mraba 2.18, tena zikihesabiwa pamoja na maji yake, yaani karibu nusu ya Ndere. Swala pala wapo, pimbi wapo, mijusi ya rangi imejaa kwenye miamba. Wanyama hao si wa ajabu kuliko wa Ndere. Kinachomfanya mkazi wa Mwanza aende huko na wanawe ni kwamba ofisi ya hifadhi iko mjini, boti iko kwenye gati la ofisi hiyo hiyo, na safari ni ya dakika chache. Anayefika hatafuti mvuvi wa kumbembeleza.

Mtu atajibu kwamba Saanane iko pua na mdomo na Mwanza, ilhali Ndere iko mbali. Ni kweli, na ndiyo maana haifai kuiga kila kitu. Lakini Ngamba, upande wa Uganda, iko kilomita 23 kutoka Entebbe. Tangu mwaka 1998 kisiwa hicho ni makao ya sokwe waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara haramu, na boti za wageni hupangwa zifike wakati sokwe wanapolishwa. Umbali haukuzuia lolote, kwa kuwa saa ya kulisha haibadiliki. Bei za Ngamba, hata hivyo, ni za mgeni mwenye dola, na Kisumu haina haja ya kurudia kosa la kutengeneza kisiwa ambacho mwenyeji hukitazama tu kutoka ufuoni.

Mfano unaovutia zaidi uko mbali, katika bahari ya Mediterania. Tabarca ni kisiwa kidogo cha Hispania, karibu na mji wa Alicante. Urefu wake haufiki kilomita mbili na upana wake ni mita mia chache. Wakazi wa kudumu ni wachache, wazao wa familia za Kigenoa zilizokombolewa utumwani Afrika Kaskazini na kupewa makao hapo karne ya 18. Mwaka 1986, mwaka ule ule wa Ndere, maji yanayokizunguka yalitangazwa kuwa hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini Hispania. Tangu hapo visiwa hivi viwili vilishika njia tofauti. Kutoka Santa Pola boti huvuka kwenda Tabarca kwa muda usiofika saa moja, ratiba imebandikwa, tiketi hukatwa kwa kichwa. Familia ya karani wa posta huenda, hula wali wa samaki, huoga, hurudi. Majira ya joto hufika maelfu ya watu kwa siku, hadi wenyeji wanalalamika kwamba hawana pa kupita. Ndere, yenye umri uleule na eneo kubwa kuliko Tabarca, ina tatizo la kinyume.

Kwa hiyo boti iondokee wapi? Wengi hufikiria Dunga au bandarini, kwa kuwa ndiko jiji liliko. Si chaguo bora la kuanzia. Kuvuka kilomita 30 za ghuba kwa boti ya mbao yenye injini ndogo kunakula petroli na asubuhi nzima, na njiani kuna vizimba vya samaki na nyavu za kukwepa, mbali na gugu maji linalohama na upepo. Njia fupi ni ya nchi kavu: matatu ya barabara ya Bondo, kupita Kisian na Holo hadi Kombewa, kisha bodaboda kuteremka ufuoni, na mwisho mkondo mfupi wa maji. Boti mbili zilizokaguliwa, zikivuka mkondo huo Jumamosi na Jumapili kila saa, kuanzia saa mbili asubuhi, zingetosha kabisa. Pesa nazo zingebaki Seme, kwa nahodha, kwa mwendesha bodaboda, na kwa mama anayekaanga ngege na kusonga ugali ufuoni, badala ya kuishia mjini. Safari ya moja kwa moja kutoka Kisumu inaweza kuja baadaye, kwa wenye haja ya kuona ghuba yote.

Saa ina faida nyingine ambayo haizungumzwi sana. Utaratibu wa boti kuondoka "ikijaa" ndio chanzo cha majanga mengi. Nahodha anayelipwa kwa idadi ya vichwa husubiri vichwa, na anayesubiri vichwa huongeza kimoja zaidi, kisha kingine. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, Tanzania. Chombo kilichojengwa kubeba watu 101 kilikuwa na mamia, na zaidi ya 220 walikufa huku nchi kavu ikionekana. Boti yenye saa huondoka na watu sita au ishirini. Idadi ya juu imeandikwa ubavuni, jaketi okozi zinatosha kila kiti, na anayechelewa hungoja zamu ijayo kwa kuwa anajua kwamba ipo. Mamlaka ya Masuala ya Baharini ya Kenya tayari ina kazi ya kukagua vyombo. Ni rahisi kukagua boti mbili zinazojulikana kuliko arobaini zinazookotwa ufuoni kila moja na bei yake.

Halafu kuna upepo. Kila mvuvi wa Winam anajua tabia yake: asubuhi ziwa huwa shwari, mchana upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu na mawimbi kuinuka, na jioni mawingu ya radi hujikusanya juu ya Kisumu. Boti ya mwisho kutoka Ndere basi isizidi saa tisa alasiri. Hili ndilo jambo ambalo mgeni aliyekodi boti binafsi hulivunja kirahisi, maana amelipia siku nzima na anataka kuimaliza. Ratiba haibembelezwi.

Ni nani abebe hasara ya miezi ya kwanza? Maana hasara itakuwepo. Boti itavuka na abiria watatu, mvua itanyesha Jumamosi nne mfululizo. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) litasema kazi yake ni uhifadhi, na lina haki. Lakini hifadhi isiyofikika haina watetezi siku atakapotokea mtu mwenye mpango wa kuigawa. Serikali ya kaunti ya Kisumu ndiyo iliyo katika nafasi nzuri zaidi: itoe leseni kwa chama cha wenye boti cha ufuo husika, chini ya kamati yao ya usimamizi wa ufuo, na iwahakikishie mafuta ya zamu zote kwa mwaka mmoja, wawe na abiria au wasiwe nao. Fedha hizo ni ndogo kuliko gharama ya warsha moja ya siku tatu kuhusu utalii. Kaunti iliyoweza kupokea wajumbe wa mkutano wa Africities Mei 2022, maelfu kwa maelfu, haiwezi kushindwa na mkondo wa maji wa Seme.

Kuna wanaoogopa upande wa pili, kwamba watu wakianza kwenda, Ndere itaharibika. Hofu hiyo ina msingi, na wanaosukuma utalii hufanya vibaya kuipuuza. Swala pala katika kilomita nne za mraba hawana pa kukimbilia. Tabarca imejifunza hilo kwa uchungu. Dawa, tena, ni boti. Kisiwa kisicho na daraja kina mlango mmoja, na mwenye mlango huhesabu anaoingiza. Chumbe, karibu na Unguja, imekuwa ikifanya hivyo tangu miaka ya 1990 kwa kuweka kikomo cha wageni ili matumbawe yapone. Ndere inaweza kuanza na watu mia moja kwa siku na kupunguza wakati wa kuzaliana. Sheria nyingine ipo tayari: tangu Juni 5, 2020, plastiki ya kutumiwa mara moja ni marufuku katika hifadhi za Kenya, kwa hiyo zile chupa za maji za familia ya Dunga zingeachwa ufuoni kabla ya mguu kuingia botini.

Kinachotia wasiwasi zaidi ni mradi mkubwa. Kanda ya ziwa imezoea kusubiri kitu chenye mchoro wa rangi na jiwe la msingi: hoteli ya visiwani, gati la kisasa, gari la waya. Mchoro hutundikwa ofisini, jiwe huota nyasi, na kwa muda wote huo hakuna hata mtu mmoja aliyevushwa. Vibanda vya samaki vya Lwang'ni, mahali ambapo mtu wa kawaida wa Kisumu alikula akitazama maji bila kulipa kiingilio, vilibomolewa kupisha mipango ya ardhi ya reli na bandari. Baada ya hapo ni vigumu kumlaumu mkazi anayesikia neno maendeleo na kushika mfuko wake.

Kwa sasa, anayetaka kwenda Jumamosi hii asisubiri kaunti. Apande matatu ya Bondo mapema, kabla ya saa moja asubuhi, ashuke Kombewa. Alipe ada ya hifadhi kwa eCitizen akiwa bado na mtandao mzuri, maana langoni pesa taslimu hazipokewi. Abebe maji katika chupa ya kudumu, chakula, kofia, na viatu vya kupandia kilima. Awe na wenzake sita au saba wa kugawana nauli, akague jaketi okozi kabla ya kuketi, na aombe kurudishwa kabla ya saa tisa. Bei ipatanwe ya kwenda na kurudi kwa pamoja, tena ufuoni, kwa kuwa akishafika kisiwani hakuna boti ya pili ya kumtishia nahodha nayo.